Kabla hujaingia grinihausi: kwa wanaoanza kazi mashamba ya maua, Naivasha

Wengi wanaoajiriwa huku Naivasha husainishwa fomu ya mafunzo ya usalama wakiwa bado kwenye foleni ya ovaroli. Usisaini ambacho hujaonyeshwa. Angalau uonyeshwe kibao cha kupuliza dawa huwekwa wapi, na nani mwenye ruhusa ya kukiondoa.

Kibao hicho, au bendera nyekundu kwa mashamba mengine, maana yake ni kwamba grinihausi imepulizwa na bado haiingiliki. Muda wa kungoja umeandikwa kwenye lebo: dawa nyingine saa chache, nyingine siku nzima na zaidi. Ukikuta majani yangali yamelowa, harufu imejaa, na supavaiza anasema "ingieni tu, itakauka," muulize imepulizwa saa ngapi na ni dawa gani. Kwa adabu, lakini uliza. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka uripoti hatari kubwa ya namna hiyo, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha hapo kabla hajairekebisha. Najua, kibarua wa wiki ya kwanza huogopa kufutwa kuliko anavyoogopa dawa. Basi nendeni wawili watatu, au mpitie kwa mwakilishi wenu kwenye kamati ya usalama; penye wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kamati iwepo.

Maski ya kitambaa huzuia vumbi, haizuii mvuke wa dawa. Ukipangwa kupuliza, dai yenye vichujio, na usikubali kukatwa mshahara kwa ajili yake. Ovaroli ibaki shambani ifuliwe huko, isichanganywe na nguo za mtoto nyumbani.

Utaambiwa pia unywe maziwa yaondoe sumu. Hayaondoi, hata kama kila mzee wa kazi atakuapia. Mwenzako akianza kutokwa na jasho na mate mengi, macho yakaona ukungu, kifua kikabana, mtoeni nje, mvueni ovaroli mkiwa mmevaa glavu, mwosheni kwa maji mengi na sabuni, kisha hospitali. Pigeni picha ya lebo kwa simu mwende nayo, maana matibabu hutegemea aina ya dawa.

Ukiumia, hata mwiba wa waridi ukivimbisha kidole, ripoti siku hiyo hiyo na uhakikishe umeandikwa kitabuni. Chini ya sheria ya fidia, WIBA ya 2007, mwajiri ana siku 7 za kupeleka taarifa kwa mkurugenzi wa usalama kazini. Wakikwambia "nenda tu upumzike," andikisha kwanza, ndipo uende.