Re: Duka la kijijini linakata mtaji kila mwaka, nifanyeje?

Mkuu umesema duka lako huko Newala linakauka kila ikifika Februari, mi naona shida sio wateja, ni daftari la madeni. Hela ya korosho inaanza kuingia na minada ya Oktoba, ikiisha watu wanakula kwa kukopa hadi msimu mwingine, sasa mtaji wako ndo unalisha kijiji kizima! Weka kikomo kwa kila kaya, kopesha unga, chumvi na mafuta ya kupima tu, soda na biskuti walipe keshi. Halafu ungana na wenye maduka jirani mchangie fuso moja mshushe mzigo kabla mvua hazijaharibu barabara, maana nauli ya bodaboda kwa kila katoni ndo inamaliza faida. Uwakala wa M-Pesa usiache, kamisheni ndogo ila inaleta watu dukani.