Maswali yenu: Diwani si fundi pampu

Wiki hii meseji kumi na moja zimeanza na maneno yale yale: "Diwani wetu hana msaada." Tatu kati ya hizo zinahusu barabara, ambayo nimeijibu hadi nimechoka. Nimechagua hizi.

*Shikamoo mzee. Pampu ya kisima chetu imekufa tangu mwanzo wa kiangazi. Tukimwendea diwani anasema "nalifuatilia". Tumfanye nini? (Msomaji, Manyovu)*

Marahaba. Msimfanye kitu, hana pampu. Zamani ningekwambia nenda halmashauri kwa mhandisi wa maji, na diwani angembana kwenye baraza mpaka jasho limtoke. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Namba 5 ya mwaka 2019 ikaleta RUWASA, wakala wa maji vijijini, na maji ya vijijini yakatoka mikononi mwa halmashauri. Meneja wa RUWASA wa wilaya wakubwa wake wako Wizara ya Maji. Kwenye baraza la madiwani anakuja kutoa taarifa, akimaliza anafunga kabrasha lake anaondoka.

Huko kijijini mwenye kuendesha mradi ni chombo cha watumia maji, ambacho bado mnakiita kamati ya maji. Hao ndio wanaokusanya hela ya ndoo, na matengenezo madogo ni juu yao. Kwa hiyo anzeni kuuliza hela ya ndoo ya ile miezi maji yalipokuwa yanatoka iko wapi. Mwaka jana nilikaa kwenye benchi la chombo kimoja, sitakitaja, nikaomba daftari la mapato. Nikaletewa kaunta buku iliyolowa, kurasa za Machi hadi Juni zimechanwa. Kalamu ya mhasibu ilikuwa imefungwa kamba kwenye mguu wa meza isije ikaibiwa.

Kama hesabu ziko sawa na ubovu ni mkubwa kuliko mfuko wenu, andikeni barua kwa meneja wa RUWASA, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, mbaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Diwani mpeni nakala pia ili awe na cha kusemea. Mimi sipingi RUWASA kuwa na wataalamu. Ninachopinga ni kumnyang'anya mtu jembe kisha kumuuliza mbona hajalima.

*Barabara yetu ya mtaani imekatika, Manispaa wamelala? (Gungu, Kigoma)*

Hiyo ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu Julai 2017. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Kateni kipande hiki mkibandike mlangoni.

*Halmashauri ya kijiji imemkatia mgeni mmoja ekari nyingi, sisi tumeona trekta tu linaingia. Mwenyekiti anasema ana mamlaka hayo. (Msomaji, Nguruka)*

Hana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi kama mdhamini, na inaikataza kugawa bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano Mkuu ni wewe, mkeo, jirani yako na kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Wale wajumbe wa halmashauri ya kijiji, ambao hawazidi 25, hata wakiketi usiku kucha hawawezi kugeuka Mkutano Mkuu.

Nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe muhtasari wa mkutano ulioidhinisha, pamoja na orodha ya mahudhurio. Isome hiyo orodha kwa makini kuliko muhtasari wenyewe. Nimewahi kushika moja, ya kijiji nisichokitaja, yenye majina mia na kitu. Kuanzia jina la arobaini hivi mwandiko ulikuwa mmoja, herufi "g" zote zimekunjwa mkia kushoto. Mzee mmoja aliyesaini pale nilihudhuria mazishi yake miaka miwili kabla. Wengine walisaini kweli, ila walisaini karatasi ya kupewa soda kwenye mkutano wa chanjo, na ile karatasi ikahamishwa.

Ukikuta mchezo wa namna hiyo, anzia Baraza la Kata. Lakini tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 baraza hilo linasuluhisha tu, halihukumu, kwa hiyo msishangilie "hukumu" yake wala kuililia. Usuluhishi ukishindikana, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Sasa na mimi nina swali. Mkutano Mkuu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wa mwisho ulihudhuria lini? Nguruka naijua. Treni ikipiga honi stesheni watu wanajaa kuuza asali na karanga, mbao za matangazo zikiita mkutano wanakuja wazee wanane na mbwa. Huo mkutano ndio mamlaka pekee ambayo bado hayajapandishwa juu, na ndiyo mnayowaachia watu wenye kalamu moja.

*DC anaweza kumfukuza mwenyekiti wa kijiji? Wetu amefukuzwa hadharani. (Kakonko)*

Mwenyekiti mlimpigia kura Novemba 2024. Anaondolewa na waliomchagua, kwa utaratibu wa kanuni, kwenye mkutano wa kijiji. DC, yaani Mkuu wa Wilaya, ni jicho la Rais wilayani. Anaweza kuagiza uchunguzi, anaweza kuishauri halmashauri, na Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa uwezo wa kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48 pale amani inapohatarishwa. Kujibizana naye kwenye mkutano wa hadhara hakuhatarishi amani, kunahatarisha heshima yake, na hivyo ni vitu viwili. Mtendaji wa kijiji ni habari nyingine: huyo ni mwajiriwa, bosi wake ni Mkurugenzi wa halmashauri.

*Hospitali ya Maweni iko chini ya Manispaa?*

Hapana, hospitali za rufaa za mikoa ziko Wizara ya Afya. Halmashauri ina zahanati, vituo vya afya na hospitali yake.

*Mtu wa mtaa kapita anadai kodi ya jengo, elfu kumi na mbili, mkononi. Nimpe? (Mama wa Katubuka)*

Usimpe hata mia, mama. Kodi hiyo ilikuwa ya Manispaa, 2016 ikapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato, na tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU unaponunua umeme. Kwa nyumba ya kawaida ni Sh 1,500 kwa mwezi tangu 2023, na huyo hata bei yake ya mwaka ni ya zamani. Kama wewe ni mpangaji unalipia nyumba ya mwenzio. Mwambie mwenye nyumba akukate kwenye kodi ya chumba, ni haki yako. Wachache wanathubutu, najua.

Manispaa nayo, kwa kuwa kodi ya majengo imeondoka, inamkimbiza muuza samaki wa mgebuka wa Mwanga na beseni lake. Mnashangaa nini?

*Kwa nini halmashauri ilitufungia ziwa 2024? (Kibirizi)*

Si halmashauri. Ziwa Tanganyika lilifungwa na Wizara ya Mifugo na Uvuvi, Mei hadi Agosti, katika makubaliano na nchi nyingine tatu tunazochangia maji hayo: Burundi, Kongo na Zambia. Halmashauri zilipoteza ushuru wa mwaloni kama ninyi mlivyopoteza dagaa.

*Niko Kasulu, leseni ya duka nalipa Mji au Wilaya?*

Duka lilipo. Kasulu ina DC mmoja na wakurugenzi wawili. Uliza duka lako liko kata ya mkurugenzi yupi.

*Nilitoka Buhigwe na gunia tatu za maharage kuja mjini, getini wakanitoza ushuru. Ni sawa?*

Si sawa. Tangu 2017 mazao yasiyozidi tani moja yakivuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru, na gunia tatu hazifiki hata nusu tani. Tena ushuru wa mazao ni wa mnunuzi, si wa mkulima. Kama walikupa risiti ya mashine, ipeleke kwa Mkurugenzi wa halmashauri yenye geti hilo ukadai. Kama kijana alikwambia mtandao hakuna akakuandikia namba kiganjani, hiyo hela haikufika halmashauri yoyote. Safari nyingine mtandao ukikosekana na wewe useme hela imekosekana, ukae hapo mpaka vyote viwili virudi.