Usiweke tu 0 ili kompaila inyamaze
Umeuliza kama int ret = 0; inatosha kuondoa onyo la kompaila kwenye draiva yako, kwamba kigeu ret huenda kinatumika kabla ya kupewa thamani. Hapana. Kwenye kerneli ya Linux, 0 maana yake "imefaulu". Kama kuna tawi la makosa linaloruka hadi out: (lebo ya mwisho wa fankisheni, ret inaporudishwa) kabla ret haijapewa thamani, sasa utakuwa unamwambia aliyeita fankisheni kwamba mambo ni shwari, na onyo lililokuwa likikusaidia umelizima mwenyewe. Lifuate tawi lenyewe: kmalloc (inayoomba kumbukumbu) ikirudisha NULL, yaani imekosa, andika ret = -ENOMEM; (kosa la kukosa kumbukumbu) hapo hapo, kabla ya goto.

Kwamba hitilafu inapotea ukiongeza printk (ya kuchapisha ujumbe wa kerneli) si uchawi. Kigeu cha ndani ya fankisheni hurithi takataka zilizoachwa kwenye steki, kumbukumbu ya muda ya fankisheni. Ukiita kitu kingine katikati, takataka zinabadilika. (Vya static huanza na 0, hivyo visikusumbue.)

Kinachonitia hofu zaidi ni ile struct unayoipeleka kwa copy_to_user, inayonakili data kwenda kwa programu ya mtumiaji. Una u8 (baiti 1) kisha u64 (baiti 8): kwenye mashine ya biti 64, katikati kuna baiti 7 za kujazia ambazo hukuzigusa, na zinatoka nje zikiwa na mabaki ya kumbukumbu ya kerneli. Piga memset ya 0 kwa sizeof nzima (ukubwa wote wa struct) kwanza, ndipo ujaze. Ile kmalloc nayo ibadili iwe kzalloc, inayotoa kumbukumbu iliyojazwa 0.

Kuwinda hitilafu kama hizi zilizobaki, jenga kerneli kwa kompaila ya Clang ukiwasha CONFIG_KMSAN, kigunduzi cha kumbukumbu inayotumika bila kupewa thamani; ipo tangu kerneli 6.1 ya mwaka 2022. Ni nzito mno, iache kwenye mashine ya majaribio.