Maswali ya Wasomaji: Tunawasimamiaje wahudumu walei?

SWALI: Mimi ni Mrundi, nasali na ushirika wa Waunitaria hapa Vancouver. Nimewekwa kwenye kamati inayosimamia wahudumu walei wetu wawili, wanaofungisha ndoa na kuongoza mazishi. Mmoja ni mzee anayeheshimika, ana miaka tisa kwenye kazi hiyo. Kamati inasimamia nini hasa? Na ada wanazolipwa ni za nani?

JIBU: Kwa wasiojua: Waunitaria ni dhehebu huria lisilomlazimisha mtu imani moja, wengine humwamini Mungu na wengine hapana. Kule Canada mshirika wao wa kawaida, asiye mchungaji, huteuliwa na ushirika wake, hufunzwa na Baraza la Waunitaria la Canada, kisha mkoa humsajili afungishe ndoa kisheria. Huongoza pia kumbukumbu za marehemu na ibada za kuwapokea watoto. Wanaomwita wengi si washirika, kwa hiyo akikosea hamtasikia habari zake Jumapili kanisani. Kamati ndiyo lazima iende kuzitafuta.

Anzeni na karatasi. Katika British Columbia, mkoa wenu, leseni ya ndoa hudumu miezi mitatu, mashahidi hawapungui wawili, na fomu ya usajili iliyotiwa saini hupelekwa serikalini ndani ya saa 48. Mambo huharibika hivi: harusi imeahirishwa na hakuna aliyeangalia tena tarehe ya leseni, au ndoa imefungwa Jumamosi jioni, watu wamecheza hadi usiku, na fomu imelala mfukoni mwa koti wiki nzima. Mhudumu aione leseni yenyewe, kwa macho yake, siku kadhaa kabla. Kuambiwa kwa simu kwamba ipo hakutoshi. Awe na daftari lenye namba ya leseni, majina, mahali, tarehe ya ndoa na tarehe aliyotuma fomu. Kila miezi mitatu watu wawili wa kamati walikague. Pengo kati ya tarehe hizo mbili litawaambia mengi kuliko ripoti ya mwaka.

Jambo jingine linalowanasa wengi: usajili wa mkoa haufanyi kazi mkoa wa pili. Maharusi wa Vancouver wanaipenda milima ya Banff, na Banff iko Alberta. Mhudumu wenu hana mamlaka ya kufungisha ndoa huko, hata maharusi wawe majirani zake.

Ada hupangwa na ushirika, kwa maandishi, wala si mhudumu na maharusi kuelewana wenyewe. Ushauri wetu ni malipo yote yapitie kwa mhazini, ndipo mhudumu apewe posho yake na nauli, na sehemu iliyokubaliwa ibaki kwenye ushirika. Bahasha ikipita mkono kwa mkono, hakuna anayejua mwaka huu zimefungwa ndoa ngapi, na daftari linakosa kitu cha kulinganishwa nacho.

Baada ya kila ibada watumieni maharusi au wafiwa maswali matatu tu. Alifika kwa wakati? Alitamka majina sawasawa? Alifuata mliyokubaliana kuhusu kumtaja au kutomtaja Mungu? Hilo la mwisho kwa Waunitaria si dogo: familia moja hutaka sala, nyingine haitaki hata neno moja la dini, na mhudumu aliyezoea hotuba yake huisahau tofauti hiyo. La majina, wewe Mrundi hatuna haja ya kukueleza.

Sasa mzee wenu. Desturi ya huko ni muhula usiozidi miaka sita, naye ameshaupita. Msimwandikie barua pepe. Mwenyekiti na mtu mmoja wa rika lake wamwendee nyumbani, wakiwa na tarehe ya mwisho na ombi: amfundishe mrithi. Mrithi ahudhurie naye angalau ndoa mbili na mazishi moja kabla ya kusimama peke yake, kwa sababu kozi haimfundishi mtu afanye nini mfiwa anapozimia katikati ya ibada. Ndoa ambazo mzee ameshaziahidi amalizie, lakini asipokee mpya. Tarehe ikifika, iandikieni ofisi ya usajili ya mkoa waondoe jina lake. Msipoandika, ataendelea kuwa na mamlaka ya kufungisha ndoa kwa jina la ushirika wenu, na lawama zikija zitakuja kwenu. Na asiingizwe kwenye kamati mwaka huohuo. Mrithi atashindwa kulalamika chochote mbele yake.