Mvua ikinyesha Hiace yangu inazima, nifunike moteri?

SWALI: Fundi jambo. Niko na Hiace ya zamani ya esansi, ya 1994, inafanya taxi Goma na Sake. Mvua ikianza inakatakata, ikizidi inazima kabisa, na asubuhi haikubali kuwaka mpaka jua litoke. Kijana mmoja ananiambia nifunge moteri yote na shitingi. Nifanye?

JIBU: Jambo sana ndugu yangu. Shitingi hapana, nakuomba. Moteri ya Hiace iko chini ya viti, wewe na abiria mumekalia juu yake, bomba ya eshapma, ile ya kutoa moshi, inachemka vibaya na plastiki ikiigusa inashika moto, na hata isiposhika unyevu unabaki ndani unageuka jasho, asubuhi unakuta delko, ile inayogawa umeme wa kuwasha esansi, imelowa kuliko vile mvua ingeilowesha.

Mayi mengi hayatoki juu, yanatoka chini. Magurudumu ya mbele yako pale pale kando ya moteri, kila ukipita mu kidimbwi yanairushia. Gari ikitoka kiwandani kulikuwa na kauchu za kuzuia hayo mayi, lakini mafundi wengi wakifungua ili wafikie moteri hawazirudishi tena, na hiyo inaniuma sana kwa sababu ni kazi ya dakika kumi. Angalia hapo kwanza. Kama hazipo, kata mpira wa ndani wa tairi ya lori, funga na skru na rondela, acha nafasi mbali na eshapma na mikanda, na chini usifunge, mayi yakiingia lazima yapate njia ya kutoka.

Kama bado unaona unyevu, mtu mmoja ashike tochi, mwingine amwage mayi pole pole, moteri ikiwa imezimwa na imepoa. Aanzie kwenye magurudumu ndio apande mpaka parbrizi, kioo cha mbele, akianza juu mayi yatashuka kila mahali na hamtajua yamepitia wapi. Kwenye parbrizi zibua njia za mayi, kile kichanga cheusi cha volkano kinazijaza mbio.

Sasa delko. Usiku, mahali penye giza, washa moteri, pulizia mayi kidogo kwenye waya zinazotoka delko kwenda kwa buji, zile zinatoa cheche, bila kugusa kitu. Ukiona cheche za buluu zinaruka, waya zimechoka, badilisha zote pamoja. Ukishazima fungua kofia ya delko, ukikuta mstari mweusi mwembamba kama ufa ndani yake tupa, hata ukiikausha mara mia itakusumbua tu. Ndani ya kofia za buji paka grisi ya silikoni kidogo.

Na sisi wa Goma tuko na shida ingine, gesi ya Nyiragongo na Nyamulagira inaingia mu mvua inakuwa asidi, unaona mwenyewe vile mabati yetu yanatoboka. Asidi hiyo inakula vichwa vya batri na waya ya masi pia, ile inayounga batri na bodi ya gari. Vioshe na mayi ya moto yenye bikarbonati, kausha, paka vazelini.

Lakini ukikuta barabara ya Sake imejaa mayi mpaka nusu ya gurudumu, paki ungoje, hata abiria wakilalamika. Moteri ikinyonya mayi kupitia filtre ya hewa biele, vile vyuma vinavyosukumwa na pistoni, zinapinda, na hapo hatuongelei tena kukausha, ni kutafuta moteri ingine.