Waulize wasanidi programu kinachowakwamisha

Dodoso la kuridhika kazini likija mara moja kwa mwaka, kila mtu anajua la kujibu: nane, tisa, mambo safi. Baada ya muda mfupi msanidi unayemtegemea analeta barua ya kuacha kazi. Naongoza timu ndogo ya wasanidi hapa Dar es Salaam, na swali la "una furaha kiasi gani?" nimeliweka kando. Nauliza hivi: wiki hii ni nini kilikukwamisha?

Mtafiti Daniel Graziotin na wenzake walichapisha mwaka 2017 utafiti uliokusanya majibu ya wasanidi 1,318 kuhusu mambo yanayowanyima raha. La kwanza lilikuwa kukwama kwenye tatizo, likafuata shinikizo la muda, kisha msimbo (maandishi yanayounda programu) mbovu. Mshahara haumo kwenye kumi za mwanzo. Sisemi mshahara si kitu. Mshahara ukichelewa, hakuna dodoso litakalokusaidia.

Kwetu kilio kilikuwa mapitio ya msimbo, yaani mwenzako kusoma na kukagua msimbo wako kabla haujapitishwa. Mtu anawasilisha kazi Jumatatu, hadi Alhamisi hakuna aliyeifungua, na akijibiwa ameshasahau alichokuwa anafikiria. Tukakubaliana kwamba kazi ya mwenzako inapitiwa kabla ya kuanza yako, kila asubuhi. Kuanzia hapo nikawa naandika muda ambao kazi inasubiri mapitio, kwa timu nzima. Usiuhesabu kwa mtu mmoja mmoja, maana watu wataanza kupitisha msimbo bila kuusoma ili wasionekane wazembe.

Kuhusu usiri, tuseme ukweli: kwenye timu ya watu sita haupo. Maoni yasiyo na jina hutambulika kwa Kiswahili cha mwandishi wake. Tena wengi wetu tumelelewa tusimkosoe mkubwa mbele za watu, kwa hiyo kikaoni kijana aliyeajiriwa juzi atakwambia "hamna shida, bosi". Kaa naye peke yake kwenye chai. Muulize kuhusu zamu za usiku: nani aliamshwa seva ilipoanguka, na je, kesho yake alipumzika au alikuwa kazini saa mbili kamili? Mimi hapo ndipo ninaposikia mengi.

Yote utakayosikia hutayaweza. Chagua moja, lirekebishe ndani ya mwezi huo, na uwaambie wazi kwamba limetokana na maneno yao. Usilogusa, waeleze sababu, hata kama sababu ni kwamba bajeti haitoshi. Ukikusanya maoni ukanyamaza, awamu inayofuata utarudishiwa nane na tisa zilezile.