"Nina homa": Nairobi ni mafua, Mwanza ni jambo jingine

SWALI: Mimi ni Mkenya niliyehamia Mwanza kikazi. Juzi nilimwambia msimamizi wangu kuwa nina homa, maana nilikuwa natokwa na kamasi na kupiga chafya. Akanihimiza niende kupima malaria. Je, homa na mafua si kitu kimoja? Na "homa ya mafua" ni ipi?

JIBU: Hukukosea kwa Kiswahili cha ulikotoka, na msimamizi wako hakukosea kwa Kiswahili cha alipo. Nairobi au Nakuru, hasa baridi ya Julai inapouma, anayesema "nina homa" huonewa huruma ya pua iliyoziba na koo linalowasha. Mwanza, maneno hayohayo humaanisha mwili unachemka, na kando ya Ziwa Victoria mwili ukichemka watu hufikiria malaria kabla ya kitu kingine chochote. Alikuhimiza vema.

Hata hivyo, nikitakiwa kuchagua nashika matumizi ya Tanzania, na sababu yangu imo ndani ya lugha yenyewe. Homa tumeipokea kutoka Kiarabu, na huko pia ni joto la mwili lililozidi kiasi. Sikiliza vitenzi vinavyoandamana nayo: homa hupanda, homa hushuka, homa hupimwa kwa kipimajoto. Mafua hayapandi wala hayashuki. Mafua hushika, hubana, huziba pua. Kisha tazama majina ya maradhi tuliyokwisha kuyazoea: homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo, homa ya mapafu. Yote ni maradhi yanayopandisha joto la mwili, na neno linalofuata linatuambia mahali yalipokaa au alama inayoyatambulisha.

Hapo ndipo homa ya mafua inapojieleza. Ni mafua yaliyokuja na homa, yaani influenza. Mafua ya kawaida huanza polepole: koo linawasha, chafya zinafuata, kamasi nyepesi, halafu kikohozi kidogo. Mtu mzima mara nyingi hapati homa kabisa, au huipata kidogo tu, na kwa kawaida hupona ndani ya siku saba hadi kumi. Homa ya mafua huja kwa ghafla. Asubuhi ulikuwa mzima, jioni umelala unatetemeka, kichwa kinagonga, misuli na viungo vinauma, na unakohoa kikohozi kikavu. Uchovu wake unaweza kubaki wiki kadhaa baada ya homa kushuka. UVIKO-19 huweza kufanana nayo kiasi kwamba hakuna neno litakalozitenganisha. Ni kipimo tu. Na malaria vilevile huleta homa, kutetemeka na maumivu ya kichwa, ndiyo maana katika nchi zetu homa haikadiriwi kwa macho. Ila chafya na kamasi bila joto, kama ulivyokuwa wewe, ni sura ya mafua.

Mkanganyiko huu uliwahi kuvuka mpaka wa binadamu na kuingia zizini. Mwaka 2009 virusi vya H1N1 vilipoenea duniani, wengine waliandika "mafua ya nguruwe" na wengine "homa ya nguruwe". Lakini homa ya nguruwe ni ugonjwa mwingine kabisa, ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Unaua nguruwe kwa wingi na haumpati binadamu. Mfugaji anayesoma kichwa cha habari anastahili kujua kinachozungumzwa ni banda lake au mapafu yake, kwa hiyo kwa ule wa 2009 mimi husisitiza "mafua ya nguruwe".

Kuna neno moja hukuliuliza, nalo linanisumbua kuliko homa: kifua. Mama akifika zahanati na kusema "mtoto ana kifua", anaweza kumaanisha kikohozi, pumu, au kichomi, ambacho siku hizi wengi hukiita nimonia. Tofauti yake ni kubwa mno kuachiwa neno moja. Pumu hubana na kutoa mlio wa filimbi wakati wa kutoa pumzi. Kichomi kimetokana na kuchoma, kwa sababu mtu mzima huhisi kama anachomwa ubavuni kila anapovuta pumzi. Mtoto mdogo hawezi kusema anachomwa, kwa hiyo mtazame anavyopumua: mwenye miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au mwenye mwaka 1 hadi 5 akifikisha mara 40, ni hatari. Sehemu ya chini ya kifua ikibonyea ndani anapovuta pumzi, usisubiri kesho. Mweleze mhudumu hivyo hivyo, kwamba anapumua harakaharaka na kifua kinabonyea. Hapo kila mtu ataelewa, awe wa Kisumu au wa Kigoma.

Kuhusu sarufi, kwa ufupi: mafua hayana umoja, na upatanisho wake ni wa ya-. Sema "mafua haya yamenibana", si "mafua hii imenibana". Homa ni "homa imepanda".

Kwa msimamizi wako, basi, siku nyingine sema: "Nina mafua, sina homa." Ukiwa nayo yote mawili, sema "nina mafua na homa", na utaje ilianza lini. Na kikohozi kikifikisha wiki mbili, acha kukiita mafua. Nenda ukapimwe kifua kikuu.